Friwili, tindo na maneno niliyomwambia mwanangu

Asubuhi moja ya Julai mwaka jana nilikuwa napandisha kutoka Utengule kuja Mbalizi mjini, dumu la lita 20 za maziwa likiwa limefungwa kwa mpira kwenye keria. Wanaoishi huku wanaijua baridi ya Julai. Vidole vinakufa ganzi kwenye usukani, na ukipumua unatoa moshi kama mvuta sigara. Katikati ya kilima nilikanyaga pedeli, ikazunguka bila uzito wowote. Cheni ilikwenda na gia ya nyuma ilikwenda, lakini gurudumu lilisimama. Niliruka chini kabla baiskeli haijaanza kurudi nyuma na mzigo wake.

Nilidhani cheni imekatika, lakini ilikuwa nzima. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita akaangalia mara moja tu akasema, "Mama, friwili imekufa." Nikaisukuma baiskeli mpaka stendi. Nilipofika, wateja wangu wawili, mama ntilie wanaopika chai ya alfajiri kwa ajili ya abiria wa Tunduma, walikuwa wameshanunua maziwa kwa mtu mwingine.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix nyeusi ya inchi 28, aliyoinunua marehemu mume wangu kabla hatujaoana. Alibebea viazi, alibebea mbao, na siku ya harusi yetu ilibeba kreti za soda. Alipofariki, shemeji yangu alishauri tuiuze, kwa sababu mwanamke na baiskeli ya mzigo wapi na wapi. Sikubishana naye. Nilijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule jioni, watoto wa watu wakinicheka, na mwezi wa pili nikaanza kuchukua maziwa kwa wafugaji na kuyauza mjini. Watoto wangu wawili wanasoma kwa baiskeli hiyo.

Wiki ile ilikuwa mbaya kuliko nyingine kwa sababu binti yangu alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, bweni, mkoani Iringa. Godoro, ndoo, shuka, sare, nauli. Kila usiku nilihesabu pesa kwenye kopo la majani ya chai, nikidhani watoto wamelala. Nilikuwa na shilingi 48,000 na bado sijanunua godoro.

Jioni nilimwambia mwanangu wa kidato cha tatu, "Jumamosi nitaipeleka kwa fundi." Akajibu, "Mama, hii nitaifungua mwenyewe." Nikamwambia aache, asome. Nikalala.

Usiku nikasikia nyundo.

Nilitoka na tochi ya simu. Alikuwa ukumbini, gurudumu la nyuma limelazwa juu ya gunia, mkononi ana tindo la baba yake, lile la kukatia zege. Kwenye uso wa friwili, karibu na ekseli, kuna pengo mbili zinazotazamana. Hapo ndipo kifungulio kinapokaa. Alikuwa amesimamisha tindo kwenye pengo moja na kupiga, kisha la pili na kupiga, mpaka kingo zote mbili zikamegeka. Pengo zilikuwa zimekuwa mabonde tu, hakuna tena kitu cha kushika.

Ndugu msomaji, nilimwambia maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka natamani niyameze. Nilisema, "Baba yako angekuwa hai isingefika hapa. Wewe mikono yako ni ya kuharibu tu." Hakujibu. Aliweka nyundo chini taratibu, akaokota vipande vya chuma kimoja kimoja, akaenda kulala. Asubuhi aliondoka kwenda shule bila kunywa chai.

Fundi wa kwanza niliyempelekea gurudumu yuko karibu na barabara kuu. Aliangalia, akatikisa kichwa. "Hii haitoki tena. Tukate spoku zote, tutupe na habu, tufunge habu mpya na friwili mpya na spoku mpya." Akapiga hesabu, ikafika shilingi 35,000. Nikafikiria kopo la majani ya chai. Nilikuwa nimeshafungua mkoba, na yeye ameshashika koleo la kukatia, pale mwanamke anayeuza ndizi jirani yake aliponinong'oneza, "Dada, usikate spoku kabla hujamwona yule mzee wa kule sokoni."

Mzee mwenyewe anafanya kazi chini ya turubai, na kitu cha maana alichonacho ni jiliwa kubwa la chuma lililofungwa kwa boliti kwenye gogo. Watu wanasema alikuwa kijana wa kubeba zana wakati reli ya TAZARA inajengwa, kati ya 1970 na 1975, na kwamba shughuli ya vyuma aliianzia huko. Mimi sikumwuliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea maiti?"

Nilimweleza, na nilipofika kwenye spoku za kukatwa, akanikatisha. "Spoku ukizikata, friwili utaizungusha kwa kushika nini? Habu peke yake ni kama yai, inateleza mkononi. Gurudumu zima ndiyo mpini wako." Akashika tairi kwa mikono miwili, mkono huku na mkono kule, kama dereva wa lori. "Gurudumu hili lina upana wa sentimita kama 70. Kutoka katikati mpaka kila mkono ni sentimita 35. Wewe mwenyewe ulivyo, ukishika hapa, una nguvu kuliko kijana mwenye spana fupi."

Nilikaa kwenye kreti kumsikiliza, na mengi aliyoyasema nayaandika hapa, kwa sababu naamini nyumba nyingi zenye baiskeli zimewahi kupatwa na yaliyonipata.

Kwanza, friwili ni nini. Baiskeli za zamani kabisa hazikuwa nayo. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zilizunguka, upende usipende, hata kwenye mteremko. Friwili ndiyo iliyoleta raha ya kuacha kukanyaga. Ndani yake kuna vichuma viwili vidogo kama ndimi, vinavyosukumwa na springi nyembamba. Ukikanyaga, ndimi zinang'ata meno ya duara la nje na gurudumu linakwenda. Ukiacha, ndimi zinateleza juu ya meno, ndipo unaposikia ule mlio wa trrr. Mafuta mazito yakichanganyika na vumbi, ndimi zinalala na haziinuki tena. Baridi nayo inayafanya mafuta hayo kuwa mazito zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, osha. Laza gurudumu, tia mafuta ya taa kwenye ufa unaozunguka friwili, zungusha gia kinyumenyume, acha yatoke na uchafu, rudia mpaka yatoke safi. Kisha tia mafuta mepesi, hata ya cherehani, si grisi. "Nusu ya friwili wanazoniletea hazijafa," alisema, "zimelala usingizi." Yangu aliizungusha karibu na sikio, akasikia kitu kinacheza ndani. Ulimi mmoja ulikuwa umevunjika. Kuosha kusingesaidia.

Pili, kwa nini inakaza hivyo. Friwili imefungwa kwenye habu kwa nyuzi za kawaida, zinazokaza ukizungusha kulia. Nyingi za baiskeli hizi zina kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 katika kila inchi. Kila unapokanyaga, unaikaza. Kila kilima, kila gunia, kila dumu la maziwa. Baiskeli yangu imekazwa kwa zaidi ya miaka 20 na mume wangu, kisha na mimi. Nyundo ya usiku mmoja isingeweza kuifungua.

Tatu, zana. Friwili haifunguliwi kwa tindo, wala kwa spana ya bomba, wala kwa ile spana ya kupanua na kufinya ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika kwenye ukurasa wa familia. Kuna kifungulio chake, kichuma cha duara chenye tundu la kupitisha ekseli. Upande mmoja kina meno, upande mwingine kina pande sita za kushikwa na spana au jiliwa. Lakini vifungulio havifanani. Kipo cha meno mawili, kinachofaa friwili zenye pengo mbili. Kipo cha meno manne. Kipo pia cha meno madogo mengi ya kuzunguka, cha baiskeli nyingi za gia. Usimwambie muuzaji "nipe cha friwili." Beba gurudumu lenyewe dukani, ingiza kifungulio, ukitikise. Kikae mpaka chini na kisicheze. Kikicheza, kesho kitaruka na kumega kingo, kama lilivyofanya tindo letu.

Kwenye baiskeli za gia za mtumba kuna jambo la kuangalia zaidi. Zungusha gia kinyumenyume ukitazama lile tundu la meno madogo katikati. Likibaki limetulia wakati gia zinazunguka, hiyo ni friwili. Likizunguka pamoja na gia, hiyo ni kaseti, inafunguliwa kwa njia nyingine, na gia zake lazima zishikiliwe na kipande cha cheni chenye mpini. Ukizichanganya mbili hizi utapoteza siku nzima.

Nne, namna ya kukitumia. Toa nati ya ekseli, ingiza kifungulio mpaka kikae, kisha rudisha nati juu yake ili ikishikilie kisiruke. Wengi wanaruka hatua hii, na hapo ndipo kingo zinapomegeka hata kwa mwenye zana sahihi. Bana kifungulio kwenye jiliwa, gurudumu likiwa juu, shika tairi kwa mikono miwili, zungusha kushoto. Likishalegea kidogo tu, simama. Legeza nati kwanza, ndipo uendelee, la sivyo friwili inayotoka itaisukuma nati na kuharibu ekseli. Wakati wa kufunga mpya, safisha nyuzi, paka grisi kidogo, anza kwa vidole. Ikikataa, rudi nyuma uanze upya. Nyuzi za habu zikiliwa, hapo kweli utanunua habu.

Nikamwuliza, "Sasa baba, hii yangu ambayo kingo zimekwisha?"

"Hii tunaichinja."

Alinionyesha matundu mawili madogo kwenye kifuniko cha friwili, nje kidogo ya pengo zilizomegeka. Na hayo yalikuwa yamegongwa. Mwanangu alipoona pengo zimekataa, alijaribu huko, akapiga kuelekea kushoto kama mtu anayefungua nati yoyote duniani. "Amefanya ambavyo kila mtu angefanya," mzee alisema. "Lakini kifuniko hiki nyuzi zake zimegeuzwa. Kinafunguka kulia. Kila alipopiga kushoto alikuwa anakikaza."

Akatandika kitambaa, akasimamisha msumari mnene usio na ncha kwenye tundu, akapiga kuelekea kulia. Mara tatu, nne, kikalegea. Kifuniko kilipotoka, gololi zikamwagika kwenye kitambaa kama ulezi. Akainua duara lenye meno ya cheni, ulimi uliovunjika ukaanguka. Kwenye habu kikabaki kipande cha ndani tu, cha duara, kikiwa kimekaza vilevile. Akakibana kwenye jiliwa, kinywa cha jiliwa kikikishika pande mbili. Akaniita.

"Shika wewe. Baiskeli ni yako."

Nilishika tairi. Nikazungusha kushoto. Hakuna kitu. Akaniambia nisivute kwa mkono mmoja, mikono yote miwili kwa pamoja, na nisimame karibu. Nikajaribu tena, gogo lenyewe likalia. Kisha pakatoka mlio mkali, tak, kama kuni kavu ikivunjika, nikadhani nimevunja habu. Mzee alikuwa anacheka. Gurudumu lilikuwa linazunguka jepesi mikononi mwangu.

Alipokuwa anasafisha nyuzi za habu aliuliza, "Nani alipiga hapa?"

"Mwanangu. Ana miaka 16. Ni mharibifu."

Akaligeuza gurudumu kwenye mwanga. "Angalia. Amepiga pengo zote mbili sawasawa, hakulemea upande mmoja. Hajagusa habu hata mara moja. Hajapinda spoku. Mtu mharibifu hapigi hivi. Huyu hakuwa na kifungulio, na hakuwa na mtu wa kumwambia kifuniko kinakwenda kulia." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Hata mimi kifungulio changu cha meno mawili niliazimisha mwaka juzi. Hakijarudi."

Friwili mpya na kazi yake vilinigharimu shilingi 10,000. Nikarudi nyumbani nikiisukuma baiskeli ingawa ilikuwa nzima, kwa sababu nilitaka njia iwe ndefu.

Wazazi wenzangu, sisi wengine tulilelewa na watu ambao hawakuwahi kumwomba mtoto samahani. Mama yangu mzazi alinichapa siku moja kwa kosa la mdogo wangu, na alipogundua ukweli alinipikia nyama. Hakusema neno. Nilielewa, nikala. Nami nilifikiria kupika nyama. Lakini mama yangu alikuwa amenichapa mgongoni tu, na mgongo hupona. Mimi nilikuwa nimemtaja marehemu. Nilimchukua baba yake nikamtumia kumpigia mwanawe, kama yeye alivyotumia tindo la zege kwenye friwili. Yeye angalau alikuwa na sababu, hakuwa na zana nyingine. Mimi nilikuwa nazo, sikuzitafuta.

Aliporudi shule nilimwita ukumbini. Nikamwambia, "Maneno niliyosema juu ya mikono yako hayakuwa kweli. Nisamehe." Sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyopanga. Aliangalia chini muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikusikia unahesabu pesa. Nilitaka ile ya fundi iende kwenye godoro."

Sikuwa na jibu. Akasema, "Sawa, mama," akachukua ndoo, akaenda bombani.

Sitaki nikudanganye msomaji kwamba tulikumbatiana na yakaisha. Siku mbili alizungumza kidogo tu. Niliwaza kwamba kingo zimemegeka na hapatakuwa na pa kushika tena. Siku ya tatu nilikuwa nachambua maharage, akaja akasimama mlangoni, akajifanya anatafuta kitu.

"Mama, kumbe kile kifuniko kinafunguka kulia?"

"Nani kakwambia?"

"Nilipita kwa yule mzee. Alinionyesha. Kasema Jumamosi niende nikamsaidie."

Niliacha maharage, nikamwambia akae anieleze. Alinieleza kwa nusu saa, mengine nikiwa nayajua tayari, na sikumkatisha hata mara moja.

Binti yangu alienda Iringa na godoro lake. Jumamosi kijana anashinda sokoni chini ya turubai mpaka saa tisa, kisha anarudi kwenye vitabu, ndivyo tulivyokubaliana. Malipo yake ya kwanza hakuleta pesa. Alileta kifungulio cha meno mawili, alichokinunua baada ya kubeba gurudumu letu mpaka dukani na kukijaribisha mbele ya muuzaji. Tumekitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na pembeni yake tumetundika daftari dogo na kalamu, kwa sababu tumejifunza kwa mzee yanayowapata vifungulio vinavyoazimwa.

Jina la kwanza kwenye daftari hilo ni la shemeji yangu. Alikirudisha baada ya siku nne, kikiwa kimefutwa grisi, na akamwuliza mwanangu kama kweli kifuniko kinafunguka kulia.